Barabara Ipi Itangulie? Mwongozo kwa Wakazi wa Kwale na Pwani ya Kusini

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, mabaraza ya Kwale hujaa maombi ya barabara. Mwenye duka Ukunda anataka barabara kuu ipanuliwe ili magari yasisongamane mbele ya biashara yake. Mkulima wa machungwa Shimba Hills anataka maramu ili lori la mnunuzi lifike shambani. Mama wa Mwereni anataka kalvati, kwa sababu mvua ikinyesha mja mzito hafiki hospitali ya rufaa ya Msambweni. Kila mmoja ana haki ya kuomba, na fedha za mwaka mmoja hazitoshi kuwapa wote. Hapo ndipo barabara huchaguliwa kwa sauti kubwa, kwa ukaribu na kiongozi au kwa ahadi ya kampeni, na wasio na msemaji wakabaki kungoja miaka nenda miaka rudi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako wewe mkazi, mzee wa kijiji, mwanachama wa kikundi cha vijana au mwakilishi wa wadi, unayetaka uamuzi huo ufanywe kwa haki. Nguzo yake ni moja: kubalianeni kwanza mtapima kwa vigezo gani, ndipo mtaje barabara. Kikao kinachoanza kwa majina ya barabara huishia kwa kila mtu kuvutia kwake. Kikao kinachoanza kwa vigezo humlazimu hata mwenye nguvu aeleze kwa nini barabara yake iitangulie ya mwenzake.

Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Ombi zuri likibisha mlango usio wake hupotea. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa Serikali ya Kitaifa barabara kuu za taifa na kaunti barabara za kaunti. Kabla ya hapo, Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007 ilikuwa imeunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa barabara za mashambani.

Huku kwetu, barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, ambayo wengi bado wanaiita A14, iko mikononi mwa KeNHA. Ndiyo uti wa mgongo wa Pwani ya Kusini: inapita Waa, Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni na Ramisi hadi mpaka wa Horohoro, Tanzania. Njia nyingi za ndani ya wadi ni za kaunti, na kati ya hizo mbili kuna barabara za mashambani zilizo chini ya KeRRA. Ukiwa na shaka, uliza ofisi ya barabara ya kaunti, na uombe jibu kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la habari ndani ya siku 21. Ikikunyima, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala.

Jua pia fedha zatoka wapi. Kila lita ya petroli au dizeli inayouzwa Ukunda au Lunga Lunga imebeba ushuru wa matengenezo ya barabara, unaosimamiwa na Bodi ya Barabara ya Kenya. Ushuru huo ulikuwa shilingi 18 kwa lita tangu 2016, ukapandishwa hadi shilingi 25 Julai 2024. Mwaka 2025 serikali iliweka shilingi 7 kati ya hizo 25 kuwa dhamana ya kulipia madeni ya makandarasi. Kwa hiyo sehemu ya unacholipa leo inalipia kazi zilizoanzishwa zamani. Anayekuambia kwamba kila barabara inaweza kuanza mwaka huu hakuelezi hesabu yote.

Hatua ya 2: Tenganisha aina za kazi

Watu wanaposema "tengenezeni barabara" huwa wanachanganya kazi za namna nyingi. Zigawe hivi:

Matengenezo ya kawaida: kuzibua mitaro na kalvati, kufyeka kando, kuziba mashimo madogo.

Matengenezo ya vipindi: kuweka tabaka jipya la lami au maramu baada ya miaka kadhaa.

Ukarabati: kuifumua barabara iliyochakaa na kuijenga upya mahali pake.

Uboreshaji: kupandisha barabara ya udongo kuwa ya lami, kupanua, kuongeza njia ya waenda kwa miguu.

Ujenzi mpya: barabara au daraja pasipokuwapo kitu.

Kazi za mwanzo hazina utepe wa kukata, kwa hiyo wanasiasa huzipita. Kumbe ndizo zenye faida kubwa kwa kila shilingi. Wakala wa barabara wa Afrika Kusini, SANRAL, ulikadiria kwamba barabara ikiachwa bila matengenezo kwa miaka mitatu, gharama ya kuirekebisha hufikia mara 6 ya gharama ya kuitunza. Ikiachwa miaka mitano, hufikia mara 18.

Tazama jinsi uharibifu unavyoanza. Mtaro unajaa mchanga na mifuko ya plastiki. Maji ya mvua yanakosa pa kwenda, yanasimama kando ya lami. Lori linashuka ukingoni kumpisha mwenziwe, ukingo unamegeka, maji yanapenya chini, na ule udongo ulioshindiliwa unakuwa tope. Juu yake nyufa zinaanza kuonekana, kwanza nyembamba, kisha zinakutana, kisha vipande vinang'oka. Hapo wananchi wanaliona shimo na kulalamikia lami, ilhali ugonjwa ulianza mtaroni msimu mmoja au miwili nyuma. Mwenye nyumba ya makuti anajua kwamba kuti moja lililooza hubadilishwa siku hiyo hiyo, maana akingoja masika atabadilisha na pau.

Basi iwe kanuni ya kikao chenu: kabla ya kuomba kilomita moja mpya, ulizeni kama zile zilizopo zimetengewa fedha za kutunzwa. Barabara mpya isiyo na fungu la matengenezo ni deni mnalowaachia watoto.

Hatua ya 3: Kubalianeni vigezo

Sasa andikeni vigezo ukutani, kabla ya mtu yeyote kutaja barabara. Vitano vinatosha kwa kikao cha wadi.

Usalama. Je, watu wanauawa au kuumia hapo? Nchini Kenya zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni waenda kwa miguu. Barabara yetu kuu inapita katikati ya vijiji na masoko. Watoto wa shule wanaivuka asubuhi na jioni, bodaboda wanaegesha ukingoni, na mabasi ya Tanga yanapita kwa kasi. Kigezo hiki kinastahili uzito wa kwanza.

Kupitika wakati wote. Je, barabara inakatika mvua zikinyesha, na kuna njia mbadala? Kwale ina mito ya Mwachema, Mkurumudzi, Ramisi na Umba, na Vanga inajua Umba ikifurika inakuwaje. Barabara ya maramu yenye mawimbi inachosha, lakini inapitika. Kijito kisicho na daraja kinawafungia watu wote wa ng'ambo.

Watu na mizigo. Ni wangapi wanaitumia, na wanabeba nini? Hesabu waenda kwa miguu na baiskeli pamoja na magari. Kipimo kinachohesabu magari peke yake humfuta mtu asiye na gari.

Usawa. Eneo hili limepata nini miaka iliyopita? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale, kaunti ya takriban kilomita mraba 8,270, yenye maeneo bunge manne na wadi 20. Ukanda wa pwani umepata lami mapema. Kinango na ndani ya Lunga Lunga wamengoja zaidi. Haki inataka historia hiyo ihesabiwe.

Mazingira na ardhi. Je, kazi itabomoa nyumba, itagusa makaburi, msitu au mikoko? Kaya Kinondo ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Gazi kuna mikoko inayolindwa na wanakijiji wenyewe kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na maji machafu ya barabara yakielekezwa huko bila mpango yanaiumiza. Diani kuna mbega, na shirika la Colobus Conservation limetundika ngazi za kamba juu ya barabara ya ufuoni ili wavuke bila kugongwa. Anayepanga kupanua barabara hiyo lazima aulize ngazi hizo zitakwenda wapi.

Gawanyeni alama 100 kati ya vigezo hivyo kwa makubaliano. Mfano mmoja: usalama 30, kupitika 25, watu na mizigo 20, usawa 15, mazingira na ardhi 10. Wadi yenu inaweza kuamua vingine, mradi iamue mapema na kuandika katika kumbukumbu za kikao. Mtu akitaka kubadilisha uzito baada ya kuona barabara yake imeshindwa, mkatalieni kwa heshima.

Hatua ya 4: Kusanyeni ushahidi wenu

Mhandisi akija na takwimu nanyi mna malalamiko matupu, mtasikilizwa kwa adabu na kuachwa. Njooni na karatasi. Ushahidi wa kijiji si mgumu kuukusanya.

Hesabu ya magari na watu. Chagueni mahali pamoja, kwa mfano makutano ya Ukunda ambapo barabara ya Diani inaachana na barabara kuu. Wawekeni vijana wawili wawili kwa zamu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Karatasi iwe na safu hizi: waenda kwa miguu, baiskeli, mikokoteni, bodaboda, tuktuk, magari madogo, matatu, mabasi, malori ya ekseli mbili, malori ya ekseli tatu na zaidi. Kila kinachopita kinapigiwa mstari mmoja, na mstari wa tano unakata minne. Kila saa ianzie safu mlalo mpya ya jedwali. Hesabuni siku ya kazi na siku ya soko au mwisho wa juma. Epukeni Desemba pekee, maana Diani ya Desemba si Diani ya Mei.

Msidharau safu za malori. Majaribio ya AASHO yaliyofanywa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye uzito maradufu huharibu takriban mara 16. Ndiyo maana barabara yenye malori machache ya mchanga au miwa huchakaa haraka kuliko yenye maelfu ya tuktuk. Ndiyo maana pia kudhibiti uzito wa mizigo ni mradi kamili wa barabara, na wa bei nafuu.

Ramani ya ajali. Chukueni ramani ya simu au karatasi kubwa, mtie alama kila mahali palipotokea ajali ya kifo au jeraha kubwa kwa miaka mitatu iliyopita. Waulizeni bodaboda, wauguzi, walimu na wazee wa mitaa. Alama zikijazana mahali pamoja, mmepata mradi.

Daftari la mvua. Masika na vuli, andikeni tarehe barabara ilipokatika, saa ngapi, na nani alishindwa kupita: gari la wagonjwa, walimu, samaki waliooza. Pigeni picha pale pale, kitu kinachojulikana kikionekana ili pasiwe na ubishi.

Mabadiliko yanayokuja. Hesabu ya jana inaweza kudanganya. Kwa takriban miaka kumi madini ya kampuni ya Base Titanium yalisafirishwa kwa malori kutoka mgodi wa Kwale hadi Likoni, na uchimbaji ukakoma mwishoni mwa 2024. Upande wa pili, barabara ya Dongo Kundu, yenye urefu wa kilomita 17.5 na iliyojengwa kwa mkopo wa Japani kupitia shirika lake la JICA, ilikamilika 2024. Inatoka Miritini, inavuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, na kuungana na barabara ya Likoni–Lunga Lunga pale Kibundani. Anayetoka Nairobi sasa anafika Diani bila kugusa kivuko cha Likoni. Hilo ni jema kwa hoteli na kwa wagonjwa, lakini magari hayo yote yanamiminika kwenye barabara ile ile ya njia mbili kupitia Waa na Tiwi. Eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu likijaa viwanda, malori yataongezeka. Bandari ya uvuvi ya Shimoni nayo inabadilisha uzito wa barabara ya kutoka Kanana. Kwa hiyo hesabuni upya kila mwaka.

Hatua ya 5: Toeni alama

Chukua miradi minne ya mfano. Alama hizi ni za kufundishia tu, zenu mtazitoa kwa ushahidi wenu. Kila mradi unapewa 0 hadi 5 kwa kila kigezo, 5 ikiwa bora zaidi (katika mazingira na ardhi, 5 ni kwa mradi usioleta madhara), kisha alama hiyo inageuzwa kulingana na uzito.

Mradi A: makutano ya Ukunda, yaani vivuko vya miguu, njia za kando, taa na steji rasmi za matatu na bodaboda. Usalama 5, kupitika 1, watu 5, usawa 2, mazingira 5. Jumla 71 kwa 100.

Mradi B: kupanua barabara kuu kutoka Kibundani hadi Ukunda iwe ya njia nne. Usalama 3, kupitika 1, watu 5, usawa 1, mazingira na ardhi 1. Jumla 48.

Mradi C: daraja dogo au kalvati kubwa kwenye barabara ya ndani inayokatika kila masika, na isiyo na njia mbadala. Usalama 3, kupitika 5, watu 1, usawa 5, mazingira 4. Jumla 70.

Mradi D: kuweka lami barabara ya mashambani ambayo tayari inapitika mwaka mzima. Usalama 2, kupitika 2, watu 2, usawa 4, mazingira 3. Jumla 48.

Ukitaka kuhakiki, fanya hivi: mradi C una 5 katika kupitika, na 5 kwa 5 ya uzito wa 25 ni 25. Una 1 katika watu, na 1 kwa 5 ya 20 ni 4. Ongeza 18 za usalama, 15 za usawa na 8 za mazingira, unapata 70.

Kisha wekeni gharama pembeni. Muulizeni mhandisi makadirio, hata ya jumla. Mradi wenye alama 48 unaomeza fedha za miaka mingi hauwezi kuutangulia wenye alama 71 unaokamilika ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Upanuzi wa barabara kuu unaweza kuwa wa lazima siku za usoni, hasa Dongo Kundu ikizidi kuleta magari. Lakini maisha ya mtoto anayevuka Ukunda leo hayawezi kungoja michoro ya njia nne.

Hatua ya 6: Jaribuni jibu lenu

Badilisheni uzito kidogo muone kama mshindi anabaki. Mkikipa kigezo cha kupitika 30 na usalama 25, mradi C unapanda hadi 72 na A unashuka hadi 67. Imebadilishana nafasi, lakini bado yote miwili iko mbali juu ya B na D. Hapo mna jibu imara: A na C ndiyo ya kwanza. Nafasi kati yao ijadiliwe, wala kikao kisigawanyike kwa tofauti ya alama moja.

Tena angalieni wenye barabara. Mradi A uko chini ya KeNHA, na C huenda ni wa KeRRA au kaunti. Haigombei mfuko mmoja. Mnaweza kudai yote miwili mwaka huo huo, kila mmoja kwenye mlango wake. Watu wa Ukunda na watu wa Mwereni wamekuwa wakishindanishwa bure. Mshindani halisi wa A ni B, kwa kuwa yote miwili inatoka kapu moja.

Ulizeni pia utaratibu wa kazi. Je, bomba la maji litapita hapo mwakani? Lizikwe kabla ya lami. Je, mitaro itamwaga maji kwa jirani? Ichorwe upya. Je, ardhi ya hifadhi ya barabara imepimwa na walioko juu yake wanajulikana? Mradi unaohitaji kutwaa ardhi lazima upitie Tume ya Taifa ya Ardhi, na wenye ardhi walipwe fidia ya haki bila kucheleweshwa, kama Katiba inavyotaka. Mradi usiotatua hayo hukwama katikati, na barabara iliyofumuliwa na kuachwa ni mbaya kuliko ile ya zamani.

Hapa tujifunze kutokana na barabara kuu ya pwani. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha takriban euro milioni 345 kwa ukanda wa kutoka Bagamoyo kupitia Tanga na Horohoro–Lunga Lunga hadi Malindi. Umoja wa Ulaya nao ulichangia mradi huo ruzuku ya euro milioni 30. Ukanda wote haukujengwa kwa mpigo. Awamu ya kwanza ilichukua Mkange–Pangani–Tanga kwa upande wa Tanzania, na Mombasa–Mtwapa–Kilifi kwa upande wa Kenya. Kipande cha kusini, cha Likoni hadi Lunga Lunga, hakikuwamo. Hata barabara moja yenye wafadhili tayari ina foleni yake. Mfadhili hutaka kuona michoro, tathmini ya mazingira na hali ya ardhi kabla ya kutoa fedha. Basi pamoja na kudai barabara, dai matayarisho: fedha za usanifu na upimaji wa ardhi zitengwe mapema, ili zamu ikifika Kwale isikutwe mikono mitupu.

Hatua ya 7: Fikeni mapema

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na anayeanza kuomba Juni amechelewa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka ngazi hizi kwa kaunti:

Mpango wa maendeleo wa miaka mitano, CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mradi usiotajwa humo hupata shida kuingia bajeti, kwa hiyo mpango unaofuata ukianza kuandikwa msikose kikao hata kimoja.

Mpango wa maendeleo wa mwaka: unawasilishwa kwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Maoni yenu yafike Julai na Agosti.

Waraka wa mikakati ya fedha: kufikia 28 Februari. Hapa ndipo idara ya barabara inapojua itapata kiasi gani.

Makadirio ya bajeti: kufikia 30 Aprili. Hapa ndipo jina la barabara linaonekana likiwa na shilingi pembeni yake.

Kwa barabara za kitaifa, soma mpango wa mwaka wa barabara za umma unaochapishwa na Bodi ya Barabara ya Kenya, unaoonyesha kila mamlaka imepanga kazi wapi. Andikeni kwa ofisi ya KeNHA ya kanda ya Pwani au ofisi ya KeRRA, na nakala kwa mbunge. Kwa miradi mikubwa, someni ripoti ya tathmini ya mazingira inapotangazwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na mtoe maoni ndani ya muda uliowekwa.

Barua yenu isizidi kurasa mbili: barabara na mmiliki wake, tatizo kwa sentensi tatu, hesabu yenu, ramani ya ajali, picha mbili, jedwali la alama, na ombi moja lililo wazi. Ambatanisheni orodha ya waliohudhuria. Hakikisheni wanawake, vijana, wavuvi na watu wenye ulemavu walikuwamo, kwa sababu ndio wanaoijua barabara kwa miguu. Kikao kikipangwa saa ambayo kina mama wako sokoni, ombeni kipangwe upya.

Hatua ya 8: Fuateni hadi mwisho

Barabara kuingia bajeti ni nusu ya safari. Ombeni kuona kandarasi: urefu, upana, unene wa tabaka, idadi ya kalvati, tarehe ya kuanza na kumaliza. Chagueni watu watatu wa kijiji watakaokwenda kwenye eneo la ujenzi na futi ya kupimia na daftari. Kama mchoro unasema kalvati nne na mmeona tatu, andikeni siku hiyo hiyo kwa mhandisi msimamizi. Mkingoja uzinduzi, mkandarasi atakuwa ameshaondoa mitambo. Kumbukeni pia muda wa dhamana ya kasoro baada ya kazi kukamilika, ambapo mkandarasi analazimika kurudia kilichoharibika kwa kazi mbovu. Tarehe ya mwisho wa dhamana hiyo ijulikane na kila mzee wa mtaa.

Makosa ya kuepuka

Usigawe fedha sawasawa kwa kila kijiji ili kuondoa lawama. Nusu kilomita hapa na nusu kilomita pale haziunganishi chochote.

Usipime thamani ya barabara kwa wageni wa hoteli peke yao. Diani inalisha familia nyingi, na wafanyakazi wa hoteli hizo wanatoka Bongwe, Mwabungo na Tiwi kwa miguu na kwa bodaboda alfajiri.

Usidhani lami ni jibu la kila tatizo. Lami bila vivuko huongeza kasi, na kasi huua. Mahali pengine kalvati tatu na maramu iliyoshindiliwa vizuri zinatosha kwa miaka.

Usikubali kusikia "imo kwenye mpango" bila kuonyeshwa ukurasa.

Neno la mwisho

Fedha za barabara ni zako, umezilipa kwenye kila lita ya mafuta na kila nauli ya matatu. Basi baraza lijalo likiitishwa wadini kwako, usiende na jina la barabara tu. Nenda na vigezo vilivyoandikwa, hesabu ya watu, daftari la mvua na ramani ya ajali, ukae na mwenzako wa kijiji cha pili mzipime pamoja. Ikionekana ya kwake ndiyo yenye haja kubwa zaidi, ipigie kura itangulie, na umdai asimame nawe zamu yako ikifika. Anza Jumatatu hii: tafuta karatasi, kalamu na vijana wanne, mkahesabu.